Mwanakemia akishika hukumu, aanzie wapi?

Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ilisoma uamuzi wake katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake dhidi ya Jamhuri, na hadi leo utakutana na watu wazima, wenye shahada zao, wanaokuambia kwamba siku hiyo adhabu ya kifo ilifutwa Kenya. Haikufutwa. Mahakama ilikitangaza kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba kwa kadiri kinavyomlazimisha jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Kisha, ili pasiwe na ubishi, ikaongeza kwamba uhalali wa adhabu ya kifo chini ya Kifungu cha 26(3) cha Katiba haukuguswa. Uamuzi mzima umening'inia kwenye maneno mawili: "kwa kadiri".

Maneno hayo mawili ndiyo humponyoka mtu aliyetoka maabara. Na Nairobi ya leo ina wengi wa aina hiyo: wanakemia, wahandisi, madaktari na watu wa takwimu waliofunga vitabu vyao kampasi ya sayansi ya Chiromo na kuvuka kwenda Parklands kusomea sheria, au waliobaki kwenye kazi zao lakini wakajikuta wanasoma hukumu kwa sababu ofisi inashughulika na hataza, dawa, mazingira au bima. Si wavivu. Wanasoma kwa makini kuliko wanafunzi wengi waliotoka sekondari moja kwa moja. Kinachowakwaza ni kwamba wanaisoma hukumu kama makala ya jarida la utafiti: wanatafuta matokeo, wanayageuza kuwa kanuni, kisha wanaibeba kanuni hiyo kokote waendako. Hukumu haina matokeo ya namna hiyo. Ina jibu, na jibu hilo halibebeki bila swali lake.

Tuirudie Muruatetu kwa jicho la maabara. Mahakama ilitoa sababu: sheria inayomnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa na kusikiliza kilio cha mshtakiwa kuhusu adhabu inavunja haki ya kusikilizwa kwa haki. Mwanasayansi anaona chanzo na tokeo. Chanzo ni ulazima wa adhabu, tokeo ni uvunjaji wa haki. Basi popote penye ulazima, haki imevunjwa. Wizi wa kutumia nguvu chini ya kifungu cha 296(2) nao una adhabu ya lazima ya kifo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 imejaa vifungo vya "si chini ya" miaka kadhaa. Vyote vianguke.

Wala hakuwa peke yake kuwaza hivyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa yenyewe iliitumia hoja ya Muruatetu kwenye wizi wa kutumia nguvu, vifungo vya chini kabisa katika makosa ya ngono navyo vikaguswa, na wafungwa wakamiminika mahakamani kuomba wahukumiwe upya. Julai 6, 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo, yenye rejeo [2021] KESC 31 (KLR), yaani katika ripoti za sheria za Kenya: uamuzi wa 2017 ulihusu kuua kwa kukusudia chini ya vifungu vya 203 na 204, basi. Anayetaka kupinga adhabu ya kosa jingine afungue kesi yake Mahakama Kuu, hoja zijadiliwe kikamilifu, kisha ipande ngazi ikibidi. Huenda akafikia jibu lilelile. Julai 2024 mahakama hiyohiyo ilirudi kwenye jambo hilo ilipokataa kupunguzwa kwa kifungo cha chini kilichowekwa na Sheria ya Makosa ya Ngono.

Hiyo "huenda akafikia jibu lilelile" isomwe polepole. Mahakama haikusema kwamba mantiki ya kupanua ni mbovu. Ilisema swali hilo halikuulizwa: hakukuwa na mshtakiwa wa wizi mbele yake, hakuna wakili aliyeitetea adhabu ya kifungu cha 296(2) wala aliyeipinga. Katika fizikia, sheria ya Ohm haingoji mtu afungue kesi kwa kila waya wa shaba. Mahakamani, kila waya una kesi yake mpaka atokee jaji aseme kwamba hizi nyaya mbili ni kitu kimoja.

Sasa, swali lenyewe linapatikana wapi ndani ya kurasa zote hizo? Hukumu ya mahakama zetu za juu huwa na mpangilio unaojirudia: utangulizi, chimbuko la mgogoro, yaliyotokea mahakama za chini, hoja za kila upande, masuala ya kuamuliwa, uchambuzi, na mwishoni amri pamoja na gharama. Msomaji wa sayansi huulinganisha na ule aliouzoea wa ikisiri, mbinu, matokeo na mjadala. Ulinganisho huo unampoteza mahali pawili.

Pa kwanza ni juu kabisa. Ikisiri ya makala ya utafiti huandikwa na watafiti wenyewe. Muhtasari unaotangulia hukumu iliyoripotiwa ni kazi ya mhariri. Jaji hakuuandika na haumfungi mtu. Ni ramani nzuri ya kuingilia, lakini anayeunukuu kwenye hoja zake anamnukuu mhariri.

Pa pili pana hatari zaidi. Katika makala ya kisayansi, sentensi isiyotaja chanzo kingine ni dai la mwandishi. Katika hukumu, aya baada ya aya ni maneno ya watu wengine: jaji anaeleza alichosema wakili wa mlalamishi, kisha wa mlalamikiwa, kisha rafiki wa mahakama (asiye upande wowote, aliyekuja kuisaidia), kisha alichoamua jaji wa kwanza, ambacho pengine yuko karibu kukitengua. Sentensi tamu inayonukuliwa kwa fahari kutoka katikati ya hukumu inageuka kuwa hoja ya upande ulioshindwa. Wakili wa upande wa pili akiligundua hilo, siku yako imeharibika. Dawa yake ni ya kitoto na inafanya kazi: pitia nakala yako na kalamu, pembeni mwa kila aya uandike herufi moja. A ni anayedai, B ni anayejibu, C ni mahakama ya chini, J ni jaji anayeandika. Aya isiyo na J hainukuliwi kama sheria. Aya ambayo jaji ananukuu kesi nyingine iandike JK, kwa sababu bado hujui kama anaikubali au anajiandaa kuitofautisha. Mara nyingi jibu liko aya moja au mbili mbele.

Ukishazitenga J, tafuta masuala. Mara nyingi jaji huyaorodhesha. Asipoyaorodhesha, anza na amri za mwisho na urudi nyuma, kila amri ukiiuliza inajibu nini. Kisha liandike swali kwa sentensi moja inayoanza na "je" na yenye mambo ya kesi ndani yake. "Je, adhabu ya kifo ni halali?" ni swali bovu la Muruatetu. "Je, sheria inayomlazimisha jaji kumhukumu kifo kila aliyeua kwa kukusudia, bila kupima mazingira yake, inapatana na haki ya kusikilizwa kwa haki?" ndilo lenyewe. Sababu ambayo bila hiyo jibu lisingepatikana ndiyo mawakili huiita rashio, na ndiyo inayozifunga mahakama za chini. Mengine aliyoyasema jaji njiani, hata yakiwa na hekima kiasi gani, ni obita. Mtu wa maabara huvutiwa sana na obita, kwa sababu ndiko majaji hupenda kuzungumza kwa jumla, na ujumla ndio chakula chake.

Kuitenga rashio na obita ni kazi ngumu hata kwa mawakili wakongwe, ila hapa mafunzo ya sayansi yanalipa. Mwishoni mwa karne ya 19 Profesa Eugene Wambaugh wa Harvard alipendekeza kipimo ambacho mtu wa majaribio angekibuni mwenyewe: chukua kauli unayodhani ni rashio, igeuze iwe kinyume, kisha ujiulize kama mahakama ingefikia uamuzi uleule. Ikiwa ingefikia, kauli hiyo haikubeba mzigo. Fanya hivyo pia kwa mambo ya kesi, ukibadilisha moja kwa wakati na kuyaacha mengine yalivyo.

Kesi ya mazoezi ni ya konokono, Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza, wakati huo mahakama ya mwisho ya rufaa huko, Mei 26, 1932. Agosti 1928, katika mkahawa mjini Paisley, Scotland, mama mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi, na kilipomiminwa, alidai, yakatoka mabaki ya konokono. Kwa kuwa hakununua yeye, hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Je, mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji asiye na mkataba naye? Majaji 3 dhidi ya 2 walisema ndiyo. Badilisha konokono awe mende: hakuna kitu. Badilisha tangawizi iwe maziwa: hakuna kitu. Badilisha chupa, ambayo haikuruhusu kuona ndani, iwe ya kioo kinachoonyesha ndani: hapo pana kinachotikisika, maana Lodi Atkin aliujenga wajibu huo juu ya bidhaa inayomfikia mlaji kama ilivyotoka kiwandani, bila nafasi ya maana ya kuikagua njiani. Chupa imo ndani ya rashio. Konokono hayumo, maskini, pamoja na umaarufu wake wote.

Na kwa taarifa ya wapenda data, konokono huyo hakuwahi kuthibitishwa. Kesi ilipanda hadi London kwa hoja ya sheria peke yake: tukichukulia aliyoyadai mama huyu ni kweli, je, sheria inamruhusu kudai fidia? Stevenson alifariki mwaka huohuo kabla ushahidi haujasikilizwa, na shauri likamalizwa kwa maelewano. Mwanasayansi huguna akisikia hivyo. Kanuni kubwa namna hii imejengwa juu ya jaribio ambalo halikufanyika? Ndiyo, kwa sababu mambo ya kesi hayapo pale kuithibitisha kanuni. Yapo kuichorea mipaka, na mpaka unaweza kuchorwa kwa mambo ya kudhaniwa.

Oktoba 1935 Baraza la Faragha la Mfalme, mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za makoloni na madola ya Uingereza, lilipata kesi ya daktari wa Adelaide, Australia, kwa jina Grant, aliyevaa nguo za ndani za sufu zilizobaki na salfaiti kutoka kiwandani na kuugua ngozi vibaya sana. Mtengenezaji alijitetea kwamba kinywaji cha Paisley kilikuwa kimefungwa chupani, ilhali nguo zake zilipitia mikono ya watu dukani. Mahakama ikaona tofauti hiyo haina uzito, na wajibu wa chupa ukahamia kwenye nguo. Weka uamuzi huo kando ya maelekezo ya Nairobi ya 2021. Kote kuwili mtu aliomba kanuni ipanuliwe. Huku ikapanuliwa, kule ikazuiwa. Hakuna fomula inayotabiri kipi kitatokea, na anayeitafuta fomula hiyo anajichosha. Mahakama inayofuata ndiyo inayosema tofauti gani ina uzito. Kwa hiyo upana wa hukumu hausomwi ndani yake peke yake. Unasomwa katika zilizoifuata.

Kesi inayowaudhi watu wa takwimu kuliko zote ni ya uchaguzi. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu, kwa majaji 4 dhidi ya 2, ilibatilisha uchaguzi wa rais ambao Uhuru Kenyatta alitangazwa kupata kura 8,203,290 na Raila Odinga 6,762,224. Pengo lilikuwa kura 1,441,066. Septemba 5, 2022 mahakama hiyo, kwa kauli moja, iliukubali uchaguzi ambao William Ruto alimpita Raila kwa kura 233,211. Anayepima kwa ukubwa wa athari anaona kichekesho: pengo kubwa limeanguka, dogo limesimama.

Alichokosa ni kuuliza nini kilikuwa kinapimwa. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi, jinsi kilivyosomeka 2017, kilisema kwamba uchaguzi hautabatilishwa kwa kutofuata sheria ikiwa ulifanywa kwa kufuata misingi ya Katiba na ya sheria hiyo, au ikiwa kutofuata huko hakukuathiri matokeo. Majaji wa upande wa wengi, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walilisoma neno "au" kama milango miwili: mlalamishi anaweza kushinda kwa kuonyesha kwamba misingi ilikiukwa pakubwa, hata asipoonyesha kura ngapi ziliyumba. Majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walikataa kwenda na wenzao. Ukishauingia mlango wa kwanza, zile kura 1,441,066 si kipimo tena. Ni mandhari.

Halafu kuna seva. Mahakama iliagiza tume ya uchaguzi iruhusu seva zake zikaguliwe, na tume haikutekeleza ipasavyo. Maabara, data isiyopatikana ni data isiyopatikana: unaandika hivyo na kupunguza ukali wa hitimisho lako. Mahakamani, mtu anayekalia kitu alichoamriwa kukitoa anachukuliwa kwamba kingemuumiza kikitoka, na ndivyo majaji wa wengi walivyolihesabu pengo hilo la data dhidi ya tume. Kitakwimu huo ni ukaidi. Kiutaratibu ni lazima, la sivyo kila mdaiwa mwenye jalada baya angelipoteza asubuhi ya kusikilizwa. Angalizo dogo kwa anayeifuatilia kesi hiyo: kilichosomwa Septemba 1 ni uamuzi mfupi. Sababu zilitoka Septemba 20, na hizo ndizo za kusoma.

Kiwango cha uthibitisho nacho huleta mzozo, ingawa ni jambo la kueleza kwa dakika mbili. Aliyezoea kudai p, kile kipimo cha watu wa takwimu, iwe chini ya 0.05 hushtuka kujua kwamba kesi ya madai huamuliwa kwa kuuliza tu lipi lina uwezekano zaidi. Katika Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni, 1947, kesi ya Uingereza inayotajwa mno katika mahakama zetu, Jaji Denning alieleza kwamba mahakama ikiweza kusema jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa lilitokea kuliko kutotokea, mzigo umetuliwa. Mizani ikilingana sawasawa, anayedai ameshindwa. Sababu ni kwamba jaji haruhusiwi kuandika "utafiti zaidi unahitajika". Lazima mmoja aondoke na nyumba na mwingine aondoke bila. Katika jinai kiwango hupanda hadi kutobaki shaka ya maana, nako hakuna asilimia iliyoandikwa. Usijaribu kuiandika.

Kinachouma zaidi ni ushahidi wa wataalamu. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maoni ya mtaalamu wa sayansi, sanaa au mwandiko. Kuruhusu si kutii. Katika Ndolo dhidi ya Ndolo, mgogoro wa wosia uliofika Mahakama ya Rufaa miaka ya 1990, majaji walieleza kwamba ushahidi wa mtaalamu unastahili kupimwa kwa uangalifu, lakini unapimwa pamoja na ushahidi mwingine wote. Mahakama haiwezi kuuamini kwa sababu tu umetoka kwa mtaalamu, na ikiukubali au kuukataa itoe sababu. Ripoti ya maabara kwa hiyo inakaa mezani kando ya maneno ya jirani aliyeona. Anayeisoma kesi ya namna hiyo asiishie kwenye "mahakama ilikataa sayansi". Atafute sababu: je, sampuli haikuwa na mnyororo wa makabidhiano? Je, mtaalamu alieleza mbinu yake au alileta hitimisho tupu? Je, aliulizwa maswali na upande wa pili? Ripoti nyingi huangukia hapo, na kemia yake haina kosa lolote.

Rufaa nayo si kurudia jaribio. Katika rufaa ya kwanza, kwa mujibu wa Okeno dhidi ya Jamhuri, [1972] EA 32, mahakama inauchambua upya ushahidi uleule na kufikia hitimisho lake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Ni uchambuzi mpya wa data ya zamani. Rufaa ya pili, kwa kawaida, ni ya hoja za sheria pekee. Ndiyo maana mtu anaweza kushindwa Mahakama ya Rufaa bila yeyote kusema kwamba alidanganya. Hiyo EA, kwa asiyeijua, ni ripoti za kesi za Afrika Mashariki, kutoka enzi ambapo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na mahakama moja ya rufaa; bado zinatajwa Milimani kila siku.

Kuhusu nani anamfunga nani, Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinasema mahakama zote isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Mahakama ya Rufaa inazifunga zilizo chini yake. Mahakama ya Mazingira na Ardhi na ile ya Leba zina hadhi ya Mahakama Kuu, na jaji mmoja wa ngazi hiyo hamfungi mwenzake, anamshawishi tu. Uamuzi wa London unashawishi pia. Ukishika rejeo, herufi zenyewe zinakuambia: KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ya Rufaa, KEHC Mahakama Kuu, KEELC Mazingira na Ardhi. Usichanganye mwaka wa namba ya kesi na mwaka wa uamuzi. Muruatetu ni maombi namba 15 na 16 ya 2015, ila uamuzi ni wa 2017.

Majaji wakiwa wengi, hesabu kwa kila swali. Katika kesi ya BBI, ule mpango wa kuibadilisha Katiba, [2022] KESC 8 (KLR), iliyoamuliwa Machi 31, 2022, majaji 7 waliandika kila mmoja maoni yake juu ya masuala 7. Serikali ilishinda kuhusu fundisho la muundo wa msingi wa Katiba (kwamba nguzo zake kuu hazibadilishwi kwa utaratibu wa kawaida) na ikashindwa kuhusu rais kuanzisha mabadiliko kupitia mpango wa wananchi wa Kifungu cha 257. Anayeuliza "nani alishinda?" atapata jibu la gazeti. Chora jedwali la safu 7 kwa 7, ujaze ndiyo na hapana. Hii ni kazi ambayo watu wa sayansi huifanya vizuri kuliko mawakili, na waifanye.

Kabla ya kuitaja kesi popote, fuatilia ilikoishia. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipwe Sh1.3 bilioni. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Aliyeinukuu ya kwanza mnamo Agosti 2023 alikosea, na aliyeinukuu ya pili mnamo Januari 2025 alikosea vilevile. Makala ya utafiti yaliyofutwa hupigwa mhuri mwekundu juu yake. Hukumu iliyotenguliwa inaweza kubaki na sura ileile iliyokuwa nayo siku ya kwanza.

Haya yote yaingie ukurasa mmoja kwa kila kesi: rejeo na ngazi ya mahakama, mambo ya kesi kwa sentensi zisizozidi 5, swali la "je", jibu la ndiyo au hapana, sababu pamoja na namba za aya zenye J, jambo moja ulilolibadilisha na kilichotokea, kesi zilizoifuata. Ukurasa ukijaa kabla hujafika kwenye sababu, umeandika mambo ya kesi mengi mno. Hilo ndilo kosa la kila aliyefunzwa kutotupa data.

Anayetaka kuanza asianze na uchaguzi wala BBI. Achukue maombi namba 409 ya 2009, uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi katika Mahakama Kuu ya Nairobi, Aprili 20, 2012. Walalamishi 3 waliokuwa wakitegemea dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi walipinga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008, wakihofia kwamba maana ya "ghushi" katika kifungu cha 2 ilikuwa pana kiasi cha kuzimeza dawa za jeneriki. Kwa mwanakemia, kesi imekwisha kabla haijaanza: jeneriki ina kiambato kilekile kwa kipimo kilekile, ghushi ni utapeli. Jaji hakuiamua kwa kemia. Alitazama maneno ya kifungu na hatari ya kuyaacha mikononi mwa maafisa wa kuyatekeleza, akaona haki za uhai, utu na afya zimetishiwa, na kipengele kilichodai kuilinda Sheria ya Mali ya Viwandani hakikumtosheleza. Isome yote, uandike herufi zako pembeni. Kisha badilisha jambo moja: weka ndani ya kifungu cha 2 sentensi inayosema wazi kwamba dawa ya jeneriki iliyosajiliwa nchini si ghushi. Amri ingebaki ileile? Andika aya ya J inayokuambia hivyo.